SEPTIMIUS SEVERUS, KAISARI MWAFRIKA ALIYELINDA MIPAKA



Mnajua kazi yangu. Kila jioni, mbele ya kengele ya kulala, mimi kapita wenu napita na karatasi katika nyumba zote za kulala na kuandika hesabu: waliopo ni wangapi, wagonjwa ni wangapi, walio kwenye kazi ya jikoni ni wangapi, na nani amewekwa kulinda mlango wa uzio. Wengine mnanicheka, eti kapita amegeuka karani wa posho. Kusema kweli, mwanzo wa mwaka hata mimi niliona kazi hii ni ya bure.

Lakini nilipokuwa nasoma kwa ajili ya somo la Latini juu ya waaskari wa Roma, nilikuta jambo lililonishangaza. Kule Libya, katika jangwa la Sahara, kuna magofu ya ngome ya Waroma. Jina lake la zamani ni Gholaia, leo watu wanapaita Bu Njem. Ndani ya magofu yale wachimbaji waliokota zaidi ya vigae 100 vya vyungu vilivyovunjika, vyenye maandishi ya wino. Walipoyasoma, kumbe ni hesabu ya kila siku: leo waaskari wangapi wapo, wagonjwa ni nani, nani yuko mlangoni, nani amekwenda kuoga. Ni hesabu kama yangu, tena imepita zaidi ya miaka 1,700!

Basi nikauliza: ni nani aliyeweka waaskari mahali pale pa mchanga na upepo? Jibu ni Kaisari Septimius Severus, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuwa mfalme wa Roma yote. Nataka kuwaelezea maisha yake, kwa sababu yana fundisho kwetu, na zaidi kwangu mimi.

1. MTOTO WA LEPTIS

Severus alizaliwa tarehe 11 Aprili 145 katika mji wa Leptis Magna, kando ya bahari ya Mediteranea, katika inchi ya Libya ya leo. Mji ule ulianzishwa na Wafoinike, watu wa pande za Tiro na Sidoni, miji tunayoisoma katika Biblia. Utajiri wake ulitoka katika mashamba ya mizeituni na katika biashara.

Baba yake aliitwa Publius Septimius Geta. Yeye mwenyewe hakupata cheo kikubwa, lakini ukoo wake ulikuwa na mali, na jamaa zake wengine walikuwa wamekwisha kuingia katika Seneti, yaani baraza kuu la Roma. Nyumbani walisema Kipuniki, lugha ya Wafoinike wa Afrika. Latini na Kigiriki mtoto Severus alijifunza shuleni, kama sisi tunavyojifunza Kifaransa. Inasimuliwa kwamba hata katika uzee wake matamko ya Afrika hayakutoka katika ulimi wake. Inasimuliwa tena kwamba dada yake alipokuja kumtembelea Roma, hakuweza kusema Latini vizuri, na Kaisari akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha kwao. Mtu aliyetawala dunia alimwonea haya dada yake wa tumbo moja!

Wanasema pia kwamba alipokuwa mtoto alipenda mchezo mmoja tu: kuketi kama hakimu na kuwapanga wenzake mbele yake. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alitoa hotuba mbele ya watu wa mji wake, kisha akafunga safari kwenda Roma kuendelea na masomo. Miaka 18 ni umri wangu mimi ninayeandika. Njo maana hapo niliweka kitabu chini na kufikiri kidogo.

2. NGAZI YA VYEO

Kule Roma mtoto wa jimbo la mbali hapandi ngazi bila mtu wa kumshika mkono. Severus alishikwa na jamaa yake mmoja aliyekuwa seneta, na Kaisari Marcus Aurelius akamkubali katika Seneti. Toka hapo alipanda pole pole, cheo kwa cheo. Hakuwa jemadari mwenye sifa. Alikuwa mtumishi wa serikali kama wengine wengi.

Mke wake wa kwanza, Paccia Marciana, alikuwa mtu wa Leptis. Alikufa. Severus alipokuwa liwali huko Lugdunum, mji ambao leo unaitwa Lyon katika Ufaransa, alioa mara ya pili mwaka wa 187. Huyu mke wa pili aliitwa Julia Domna, binti ya kuhani wa mungu wa jua katika mji wa Emesa, inchi ya Siria. Inasimuliwa kwamba wapiga nyota walikuwa wametabiri ataolewa na mfalme, na Severus, ambaye aliamini nyota sana, akamtafuta kwa sababu hiyo. Julia alikuwa mwanamke mwenye akili. Baadaye alikusanya nyumbani mwake watu wa elimu na wanafilosofia.

Walizaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza alizaliwa Aprili 188, na historia inamjua kwa jina la Caracalla. Wa pili, Geta, alizaliwa Machi 189. Mwaka mmoja tu kati yao. Mshike majina haya mawili.

3. JINSI ALIVYOPATA UFALME

Mwaka wa 191 Severus alitumwa kuwa liwali wa Pannonia ya Juu. Ile ilikuwa inchi ya mpakani, kando ya mto Danube. Makao yake yalikuwa Carnuntum, katika Austria ya leo, mahali pa ngome kubwa ya lejioni. Lejioni moja ni jeshi la watu karibu 5,000, na yeye aliongoza tatu.

Usiku wa mwisho wa mwaka 192 Kaisari Commodus aliuawa. Baada yake wakaweka mzee Pertinax, naye akauawa tarehe 28 Machi 193 na waaskari wa nyumba ya mfalme, wale waliopewa kazi ya kumlinda. Kisha waaskari hao wakafanya jambo la aibu: waliuza ufalme kwa mnada! Tajiri mmoja, Didius Julianus, alishinda kwa kuahidi kila askari sesterti 25,000.

Habari ilipofika Danube, waaskari wa mpakani walikasirika. Tarehe 9 Aprili 193 walimtangaza Severus kuwa Kaisari. Akashuka mbio na jeshi lake mpaka Roma. Julianus aliuawa mbele Severus hajaingia mjini. Wale waaskari wauza ufalme, Severus aliwaita waje bila silaha. Walipofika aliwazungusha na watu wake wa Danube, akawavua kazi wote na kuwafukuza mjini. Mahali pao aliweka watu aliowachagua katika majeshi ya mipakani.

Kulibaki watu wawili waliotaka kiti kile kile. Wa kwanza ni Pescennius Niger katika Siria, aliyeshindwa mwaka wa 194. Wa pili ni Clodius Albinus, liwali wa Britania. Kwanza Severus alimfanya rafiki na kumpa jina la Kaisari mdogo, kisha wakagombana. Tarehe 19 Februari 197 majeshi mawili ya Roma yalipigana karibu na Lugdunum, na Albinus akashindwa. Mji ule ule ambapo Caracalla alizaliwa uliharibiwa na waaskari wa baba yake. Cassius Dio, mwandishi aliyekuwa seneta siku zile, anahesabu maseneta 29 waliouawa na Severus kwa sababu walikuwa upande wa Albinus.

Hapo tunaona tabia yake. Alikuwa mtu wa kazi, hakuchoka, na alisikiliza kesi toka asubuhi. Lakini hakusamehe. Na alijua wazi kwamba waaskari njo waliompa ufalme, kwa hiyo aliwapendelea. Aliwaongezea mshahara na kuwapa ruhusa ya kuishi na wake zao. Aliongeza lejioni tatu, toka 30 zikawa 33. Fedha ya kulipa hayo yote itoke wapi? Alipunguza madini ya fedha ndani ya dinari mpaka ikabaki karibu nusu tu. Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana jinsi pesa inavyopoteza nguvu.

4. NGOME YA GHOLAIA

Sasa tuje kwenye ile ngome.

Kusini ya Leptis, ndani ya jangwa, waliishi Wagaramanti. Hawakuwa watu wa ovyo. Walikuwa na mji wao Garama, walichimba mifereji chini ya ardhi kuleta maji kwenye mashamba, na misafara yao ilipita jangwani. Waroma walifanya nao biashara, tena waliwaogopa, kwa sababu zamani walikuwa wamewahi kuufikia mji wa Leptis kwa vita. Severus, mtoto wa Leptis, alijua habari hizo toka utoto.

Kwa hiyo aliweka ngome tatu mbele ya mpaka, kwenye njia za jangwa mahali penye maji: moja Ghadames upande wa mangaribi, moja Gheriat katikati, na moja Gholaia upande wa mashariki. Kutoka Leptis mpaka Gholaia ni karibu kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Waaskari wa lejioni ya tatu, iliyoitwa Augusta, walifika pale tarehe 24 Januari 201. Tarehe hii tunaijua kwa sababu waliichora katika jiwe.

Ngome ilikuwa na umbo la mstatili wenye kona za mviringo, karibu hekta moja na robo. Ilikuwa na milango minne, mmoja kila upande, na kila mlango ulikuwa na minara miwili. Katikati palikuwa nyumba ya mkubwa wa ngome na chumba cha bendera. Kulikuwa na nyumba za kulala, stoo za ngano, na tena nyumba ya kuoga yenye maji ya moto. Ndiyo, maji ya moto ndani ya jangwa! Mkubwa mmoja alichora shairi katika nyumba ile kushukuru kwamba waaskari wanapata kupumzisha mwili baada ya jua kali. Nje ya ukuta kulizaliwa mji mdogo wa watu wa biashara na familia, pamoja na mahekalu.

Wale waaskari hawakuwa wote watu wa Ulaya. Wengi walikuwa Waafrika wa pande zile zile. Karibu mwaka wa 222, miaka michache baada ya Severus, mkubwa wa ngome aliitwa Marcus Porcius Iasucthan. Majina mawili ya kwanza ni ya Kiroma, la tatu ni la Kilibya kabisa. Alitengeneza upya mlango mmoja, kisha akachora shairi refu la Latini juu ya kazi ile. Herufi za kwanza za mistari, ukizisoma toka juu kwenda chini, zinatoa jina lake. Wataalamu wanasema shairi lake lina makosa mengi ya mizani. Sisi wa Latini-Filosofia tupate faraja: kumbe hata kapiteni wa Roma alihangaika na Latini!

Na vile vigae? Ni vya mwisho wa maisha ya ngome, kati ya mwaka 253 na 259. Mbali na hesabu ya watu, kuna barua fupi za waaskari waliotumwa kwenye vituo vidogo vya njiani. Wanaandika kwa mkubwa wao: leo wamepita Wagaramanti wenye punda, leo ameshikwa mtumwa mtoro. Kuna pia karatasi za njia, tuseme hivyo, za watu wa ngamia walioleta ngano. Hakuna vita kubwa katika vigae vile. Kuna kazi tu ya kila siku: kuhesabu, kulinda mlango, kuandika, kesho tena. Ngome ilisimama kwa kazi hiyo karibu miaka 60.

5. MAMBO YA NYUMBANI

Severus alilinda mpaka wa jangwa vizuri. Lakini tuingie ndani ya nyumba yake.

Karibu mwaka wa 202 alifunga safari kwenda Afrika na familia yake yote. Leptis ulijengwa upya kwa mawe ya thamani: soko kubwa, nyumba ya hukumu, barabara yenye nguzo, bandari. Rafiki yake mkubwa wa siku zile alikuwa Plautianus, mtu wa Leptis vilevile, mkubwa wa waaskari wa nyumba ya mfalme. Severus alimwamini kuliko watu wote, kwa sababu ni mtu wa kwao. Alimpa nguvu isiyo na kipimo, hata Julia Domna akadharauliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na Caracalla, kijana wa miaka 14, aliozwa kwa nguvu binti ya Plautianus, msichana ambaye hakumpenda hata kidogo. Mwisho wake ulikuwaje? Mwezi wa Januari 205 Caracalla alimshtaki baba mkwe kwamba anataka kumwua Kaisari, na Plautianus akachinjwa pale pale ndani ya nyumba ya mfalme.

Sisi wa shule ya Kiprotestanti hatuwezi kuruka jambo lingine. Mwezi wa Machi 203, katika mji wa Carthage, Wakristo wachache walitupwa mbele ya wanyama wakali. Kati yao kulikuwa na Perpetua, mama kijana wa miaka kama 22 aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felicitas, mtumwa aliyezaa mtoto ndani ya gereza. Waliuawa katika michezo ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Geta, yule mtoto mdogo wa Severus. Wanahistoria hawakubaliani kama Kaisari mwenyewe alitoa amri juu ya Wakristo, au ni wakubwa wa majimbo waliofanya kwa nia yao. Lakini hawa watu hawakuwa adui wa mpakani. Walikuwa raia wa Afrika, watu wa inchi yake. Baba alisherehekea mtoto wake, na mtoto wa mwanamke mwingine akabaki bila mama.

6. SAFARI YA MWISHO

Caracalla na Geta walichukiana toka utoto. Walishindana kwa kila kitu, hata kwa michezo ya farasi. Inasemekana katika mashindano ya magari ya farasi Caracalla alianguka na kuvunjika mguu. Baba yao alifikiri dawa ni kuwatoa katika anasa za Roma na kuwapeleka vitani, kwenye mpaka. Aliamini mpaka utamfundisha mtu kupenda ndugu yake.

Kwa hiyo mwaka wa 208 familia nzima ilikwenda Britania, yaani Uingereza ya leo. Severus alikuwa na miaka 63 na ugonjwa wa viungo, miguu ilivimba, mara nyingi alibebwa juu ya machela. Lakini kazi yake ya ngome aliendelea nayo. Ukuta wa Hadrian, ambao ulikuwa umejengwa toka mwaka 122, aliutengeneza sana, hata waandishi wa baadaye walifikiri ni yeye aliyeujenga. Mahali panapoitwa South Shields, kwenye mdomo wa mto Tyne, aligeuza ngome nzima kuwa stoo ya ngano ya jeshi, yenye nyumba za nafaka zaidi ya 20. Leo unaweza kuona misingi yake ya mawe. Na katika karne ileile ya tatu, kwenye ngome moja ya ukuta ule, waaskari wa Kimauri kutoka Afrika ya Kaskazini waliacha jina la kikosi chao katika jiwe. Hivi Waafrika walilinda mpaka wa Roma kwenye joto la Gholaia na kwenye baridi ya Britania.

Jeshi lilivuka ukuta na kuingia katika inchi ya Wakaledonia, Scotland ya leo. Vita ile haikwisha. Na katika vita ile, Cassius Dio anasimulia jambo la kutisha. Siku moja Kaisari alikuwa juu ya farasi anakwenda kuzungumza na adui. Caracalla, aliyekuwa nyuma yake, alichomoa upanga apate kumchoma baba yake mgongoni. Watu wakapiga kelele. Severus aligeuka, akaona upanga, akanyamaza, akamaliza kazi iliyomleta. Jioni alimwita mtoto, akaweka upanga mbele yake, akamwambia kama anataka kumwua baba yake, amwue sasa, wala si mbele ya adui. Mtoto hakujibu kitu. Na baba hakufanya neno lolote juu yake. Yeye ambaye hakuwasamehe maseneta 29, hapo akashindwa kuhukumu.

Severus alikufa katika mji wa York tarehe 4 Februari 211. Inasimuliwa kwamba mbele ya kufa aliwapa watoto wake mashauri matatu: wakae kwa mapatano, wawatajirishe waaskari, na wasijali watu wengine wote. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakapelekwa Roma.

7. BAADA YAKE

Watoto walishika shauri la pili na la tatu. Shauri la kwanza walilitupa. Walirudi Roma, wakagawa nyumba ya mfalme katikati, wakaziba milango ya kupitia kati yao, na kila mmoja akaweka walinzi wake. Ukuta sasa ulikuwa ndani ya nyumba! Mwezi wa Desemba 211 Caracalla alijifanya anataka kupatana mbele ya mama. Geta alipokuja, waaskari wakaingia. Alikimbilia mikononi mwa Julia Domna, wakamwulia pale pale, na mama akajeruhiwa mkono. Geta alikuwa na miaka 22, umri ule wa Perpetua.

Kisha Caracalla akaamuru jina la Geta lifutwe kila mahali. Mpaka leo, katika lango la mawe la Severus mjini Roma, lililojengwa mwaka wa 203, unaona mahali ambapo herufi ziliondolewa na nyingine kuwekwa. Kuna tena picha moja ya rangi juu ya ubao, inayotunzwa Berlin. Inaonyesha Severus mwenye ndevu za mvi na ngozi ya kahawia, Julia pembeni yake, na watoto wawili mbele. Uso wa mtoto mmoja umefutwa kabisa.

Caracalla mwenyewe aliuawa mwaka wa 217 na askari wake. Julia Domna akafa mwaka huohuo. Mwaka wa 235 waaskari walimwua kaisari wa mwisho wa ukoo ule, na baada yake, kwa muda wa miaka 50, walikuwa wanaweka makaisari na kuwaua kama wapendavyo. Na ngome ya Gholaia iliachwa karibu mwaka wa 260. Mchanga ukaingia polepole. Mwaka wa 1819 msafiri Mwingereza, George Francis Lyon, alipita pale na kuona mlango mmoja bado unatoka juu ya mchanga, wenye maandishi ya Severus. Toka mwaka wa 1967 wachimbaji Wafaransa walifukua ngome, na njo walipookota vile vigae.

8. FUNDISHO KWETU

Ndugu zangu, kuta za Severus zilisimama. Wagaramanti hawakuubomoa ufalme wake, wala Wakaledonia. Nyumba yake ilibomolewa na waliolala ndani.

Hapa ninataka kusema jambo langu mwenyewe. Mwaka huu hesabu yangu ilikuwa sawa kila jioni. Uzio ni mzima, mlango unafungwa kwa saa yake, na hakuna jina lililopotea. Nilijisifu. Lakini mnajua wote kwamba nyumba mbili za kulala zinazotazamana zilikaa miezi mitatu bila kusalimiana, na mnajua chanzo. Kazi nyepesi za jikoni niliwapa vijana wa kwetu na wale waliopiga kura kwa jina langu. Kuchota maji na kufyeka niliwaachia wengine. Nilifanya hivyo ili niwe na watu wa kunitetea. Mzee mmoja katika walimu wetu alinionya, mimi nikamwonyesha karatasi yangu ya hesabu, eti hakuna mtu aliyekosekana.

Nilipofika kwenye habari ya Plautianus wa Leptis, nilifunga kitabu. Siku ya pili nilikwenda kwa Bwana Prefe kuomba ruhusa ya kutengeneza orodha mpya ya kazi. Toka juma lililopita mnaiona imebandikwa: majina yanafuatana kwa alfabeti, bila kuangalia mtu ni wa wapi, na jina langu nalo limo katika wachota maji. Kwa wale wa nyumba ya pili, ninaomba msamaha hapa mbele ya shule yote.

Baada ya Mtihani wa Serikali mimi nitaondoka, na mwingine atashika karatasi na kalamu. Namwomba aendelee kuhesabu, maana kuhesabu ni kazi ya heshima, na wale waaskari wa Gholaia wanatushuhudia. Lakini akimaliza kuandika waliopo na wagonjwa, aulize tena swali moja ambalo halikuandikwa katika vigae: ni nani na nani hawasemezani? Hao awaite jioni ileile.

 

Kapita wenu, mwaka wa sita, Latini-Filosofia